Hazel Grace Wodini Kwetu

Mhadhara uliotolewa katika maktaba ya mkoa mbele ya walimu, wauguzi, wazazi na wanafunzi wa sekondari

  

Niliombwa nizungumzie namna msomaji anavyojihusisha yeye mwenyewe na riwaya. Mada ni pana, nikaamua kuibana kwenye kitabu kimoja ambacho vijana wengi hapa wamekisoma au wameiona filamu yake ya 2014: The Fault in Our Stars cha Mmarekani John Green, kilichotoka Januari 2012. Wengine mmekifahamu kupitia Dil Bechara, filamu ya Kihindi ya 2020 iliyotokana na kitabu hichohicho. Lengo langu ni moja. Nataka kuonyesha kwamba kulia ukisoma kitabu hiki ni rahisi, wala si vibaya, ila mtu anaweza kulia kurasa zote na asikutane nacho hata mara moja. Msomaji wa hapa hukutana nacho pale maisha yake yanapofanana na ya mle ndani, na pia pale yasipofanana. Hilo la pili ndilo tunalolikwepa darasani.

Kwa ambao hawajakisoma, nasimulia kwa ufupi. Asiyetaka kujua mwisho azibe masikio. Naona hakuna anayeziba.

Hazel Grace Lancaster ana miaka 16, anaishi mji wa Indianapolis. Ana saratani ya tezi ya shingo iliyosambaa hadi mapafuni, kwa hiyo anatembea na mtungi mdogo wa oksijeni kwenye kigari na mirija puani. Mama yake anamshurutisha kwenda kwenye kikundi cha vijana wenye saratani kinachokutana kanisani. Huko anamkuta Augustus Waters, mwenye miaka 17, mcheza kikapu aliyekatwa mguu kwa saratani ya mfupa. Wanapendana. Wanasafiri hadi Amsterdam kumtafuta mwandishi wa riwaya ambayo Hazel anaipenda kupita zote. Muda wote msomaji anamlilia Hazel kwa kujua kwamba atakufa, kumbe anayekufa ni Augustus.

Mwandishi mwenyewe katika ujana wake alifanya kazi kwa miezi kadhaa katika hospitali ya watoto kama mwanafunzi wa ukasisi, akiwafariji wazazi. Baadaye akafahamiana na msichana Esther Earl, aliyefariki mwaka 2010 kwa saratani ya tezi ya shingo akiwa na miaka 16, na kitabu kimetabarukiwa kwake. Hata hivyo mwanzoni kabisa Green ameweka tahadhari kwamba hii ni hadithi ya kutunga, na kwamba kuchokonoa ni nani hasa aliyefichwa ndani yake hakuna faida. Naanzia hapo.

Hoja ya kwanza: msomaji haingii kitabuni kwa mlango wa ugonjwa.

Mwalimu akianza kipindi kwa kuuliza nani ana ndugu mwenye saratani, amekwisha kulifunga darasa. Watanyoosha mkono wawili watatu, na waliobaki watajiona wamekuja kutazama msiba wa watu. Mimi huuliza mambo madogo. Nani amewahi kulala chumba kimoja na mtu anayekohoa usiku kucha? Nani ametumwa hospitali na chupa ya uji, akakuta saa za kuona wagonjwa zimekwisha, akabaki anambembeleza mlinzi getini? Nani ana jamaa ambaye kila mgeni akiingia humtazama na kusema "mbona umepungua hivyo"? Hapo mikono hupanda yote.

Riwaya yenyewe imejengwa kwa mambo ya namna hiyo. Mashine yake ya oksijeni ya nyumbani Hazel ameipa jina, anaiita Philip. Mtungi wa kutembea nao una muda wake wa kwisha, na yeye anaujua. Wakiwa Amsterdam wanakwenda kwenye nyumba aliyojificha Anne Frank na familia yake wakati wa vita. Kule juu lifti haifiki. Hazel anapanda zile ngazi kali na mtungi wake, kifua kinabana, anasimama, anapanda tena, na msomaji anajikuta naye anavuta pumzi. Wanabusiana mlemle ndani. Wapo waliochukizwa na busu hilo mahali penye kumbukumbu kama ile. Nami nina la kusema, lakini tuliweke hadi wakati wa maswali.

Mwaka mmoja nilikuwa na mwanafunzi mwenye selimundu. Darasa zima lilikuwa limeshikwa na habari za busu na mazishi. Yeye akaomba turudie pale Hazel anapowaambia wazazi wake kwamba anajiona kama guruneti: siku yoyote atalipuka, kwa hiyo ni bora watu wakae mbali wasije wakaumia. Akasema, "Mwalimu, mimi nikiugua, nyumbani hawapiki. Wanakaa tu kimya. Ndiyo maana miguu ikianza kuuma sisemi mpaka ifike usiku." Hakutaja mapenzi hata kwa neno moja. Tangu siku ile niliona wenzake wanamjazia chupa yake ya maji kabla ya kipindi bila kuambiwa na mtu, maana mwenye selimundu anatakiwa anywe maji kila mara. Wauguzi naona mnatikisa vichwa. Mnajua maumivu yasiyosemwa mpaka usiku yanavyofika kwenu saa nane.

Hoja ya pili, na hapa nitakaa: ndani ya kitabu hiki mna msomaji, na huyo ndiye wa kumtazama.

Hazel ana kitabu chake kimoja, An Imperial Affliction. Kitabu hicho hakipo madukani. Kimetungwa ndani ya riwaya, na mwandishi wake wa kubuni anaitwa Peter Van Houten. Kinahusu msichana Anna mwenye saratani ya damu, na kinakatika katikati ya sentensi, kwa kuwa msimulizi ama amekufa ama ameishiwa nguvu za kusimulia. Hazel amekisoma tena na tena. Amemwandikia Van Houten barua nyingi bila majibu. Anauliza nini kilimpata mama yake Anna. Je, yule Mholanzi aliyekuwa akimchumbia mama ni tapeli? Hata panya wa kufugwa anamwulizia.

Augustus anampa Hazel kitabu chake anachokipenda, hadithi ya vita iliyotokana na mchezo wa kompyuta, na Hazel anampa chake. Mapenzi yao yanaanza kwa kubadilishana vitabu. Naomba walimu mlishike hilo, nitalihitaji mbele.

Wanafika Amsterdam, mlango unafunguliwa, na Van Houten ni mlevi mwenye ulimi mchafu. Anawaambia watu wa riwaya hawana maisha baada ya ukurasa wa mwisho. Hakuna kilichompata mama yake Anna kwa sababu hakuna mama yake Anna. Kwa mantiki hawezi kupingwa. Wanafunzi wangu humchukia wote, na mimi huwangoja mpaka wafike karibu na mwisho, inapojulikana kwamba huyu mzee alizika binti yake mdogo aliyekufa kwa saratani ya damu. Kitabu alichokataa kukijadili ndicho alichomwandikia mtoto.

Sasa niambieni: Hazel alikuwa anauliza nini? Panya hakumhusu. Alitaka kujua mama akibaki bila mtoto anaishije. Alikuwa anamwulizia mama yake mwenyewe, aliyeacha shughuli zake ili amuuguze, na ambaye siku moja, Hazel akiwa mahututi, alisikika akilia kwamba baada ya hapo hatakuwa mama tena. Swali hilo Hazel hakuweza kuliuliza mezani kwao. Akalipeleka ng'ambo, kwa mtu asiyemjua.

Jibu lilikuwa nyumbani. Inagundulika kwamba mama yake amekuwa akisomea ustawi wa jamii kwa siri, ili baadaye azisaidie familia zenye wagonjwa. Alimficha binti yake kwa kuogopa asije akadhani wanangoja afe. Hazel anafurahi mpaka analia. Kwangu mimi hiki ndicho kilele cha riwaya, kuliko kifo cha Augustus, na huwa nashangaa filamu inavyokipita haraka.

Mwanafunzi anapokiuliza kitabu swali la ajabu, kama kwa nini baba yake Hazel analia ovyo au ni nani anayelipia ndege, mara nyingi analeta swali la kwao. Mwalimu mwenye haraka atamwambia hilo halimo kwenye mtihani. Nawasihi msifanye hivyo. Mwacheni alimalize.

Na sisi tunao utungo wa kuuweka kando ya huu. Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka aliyekuwa mtawala wa Siyu, alitunga utenzi wake mnamo mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake Mwana Hashima. Darasani tunaugombania kama mawaidha ya ndoa: mke afanyeje kwa mumewe, na je, leo tukubali au tukatae. Mabishano hayo nayapenda, lakini yametusahaulisha mwanzo wa utenzi, ambapo mama anasema wazi kwamba ugonjwa umemkalia kwa muda mrefu, ndipo anamwita binti aje na wino na karatasi. Alifariki miaka michache baadaye. Ule ni utungo wa mgonjwa. Mama anayejua kwamba anaondoka anamwandalia mtoto namna ya kuishi na watu atakapobaki peke yake. Kule Indianapolis, mtoto anayejua kwamba anaondoka anahangaika mama atabakije. Siku niliyowapa kidato cha tano maandishi haya mawili pamoja, hawakuniuliza tena Mwana Kupona alikuwa upande gani wa haki za wanawake. Waliuliza Mwana Hashima alikuwa na umri gani, na kama alilia wakati anaandika.

Hoja ya tatu: pale pasipofanana.

Jambo la kwanza ni ukweli wa ugonjwa. Hazel anajua kila kitu. Daktari anazungumza naye, picha za vipimo anaonyeshwa, dawa yake anaijua kwa jina. Kwetu, wazee wangu mtanisamehe, mtoto wa miaka 16 akiugua ugonjwa mzito, kikao hufanyika kwenye korido na yeye yuko kitandani. Binamu yangu alivimba goti akiwa kidato cha pili. Akaambiwa ni jipu la ndani. Lakini katika hospitali ile, mgonjwa alibebeshwa jalada lake mwenyewe kutoka dirisha la maabara hadi mlango wa daktari, na kusoma alikuwa anajua. Aliliona neno refu la kigeni, akamwuliza mtu mzima mmoja wetu, akajibiwa kwamba ni jina la kipimo. Hakuuliza tena. Kijana huyo akiisoma The Fault in Our Stars, kitakachomgusa kabla ya mapenzi ni kwamba kuna msichana anaruhusiwa kuujua mwili wake.

Sisemi desturi ya Wamarekani ndiyo bora. Wazee wetu wanaficha kwa sababu: wanaulinda moyo wa mgonjwa, na wapo waliopona bila kujua walikuwa na nini. Tena Augustus naye alificha. Saratani ilikuwa imemrudia kabla hawajapanda ndege, naye hakumwambia Hazel mpaka wako Amsterdam. Kitabu hakimlaumu, na mimi simlaumu. Nataka tu vijana walizungumze hapa maktabani, kwa kuwa nyumbani hawatalizungumza.

La pili ni fedha. Katika riwaya hii hakuna anayeuza kiwanja. Fedha zinatajwa: safari ya Uholanzi inawashinda wazazi, na wanakwenda kwa msaada wa shirika linalowatimizia watoto wagonjwa ombi moja. Lakini mtungi ukiisha unaletwa mwingine. Msomaji aliyepitia Joka la Mdimu cha Abdallah Safari shuleni atakumbuka Amani anavyohangaika kupata fedha za kumtibu mwanawe Cheche, na jinsi hangaiko hilo linavyomsukuma. Kwetu ugonjwa wa mtoto huingia hadithini ukiwa na bei. Mwanafunzi akisema "mwalimu, hawa wana raha hata wakifa," usimkemee kwamba hana huruma. Ameona kitu.

La tatu ndilo zito. Jina la kitabu limechukuliwa kutoka tamthilia ya Shakespeare, Julius Caesar, ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri kwa Kiswahili ikachapishwa mwaka 1963. Mle, Cassius anamwambia Brutus wasizisingizie nyota kwa unyonge wao. Lawama ni yao wenyewe. Green anambishia Cassius: zipo nyakati ambapo kosa ni la nyota kweli. Hazel hakuvuta sigara, hakukosea njia, hakulaaniwa na mtu. Seli zimebadilika, basi. Kwa Hazel nakubaliana na Green. Na kwa familia zetu zinazomaliza miezi zikitafuta nani karoga, hilo ni neno la kuwatua mzigo.

Lakini twende Kampala. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa hospitali ya Mulago, aliandika juu ya uvimbe wa taya aliokuwa akiuona kwa watoto wa Uganda. Saratani hiyo leo ina jina lake, na katika ukanda wetu ni miongoni mwa zinazowapata watoto zaidi. Ni kali, hukua kwa siku chache, ila huitikia dawa vizuri sana mtoto akiwahishwa. Shirika la Afya Duniani, lililoanzisha mpango wake wa saratani za watoto mwaka 2018, linaeleza kwamba katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 ya watoto hawa hupona, na katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati hawafiki asilimia 30. Shabaha ni angalau asilimia 60 ifikapo 2030. Mtoto mwenye saratani ya Burkitt anayefikishwa hospitali ya rufaa baada ya miezi mitatu ya dawa za jino na nauli za kukopa, uvimbe umefunga jicho, huyo si nyota tu zilizomkosea. Kwake yeye, Cassius alikuwa na hoja. Kwa hiyo msomaji wa Mwanza au Kisumu anapokutana na jina lile la kitabu ana haki ya kubishana nalo, na kubishana huko ni kujihusisha kuliko kilo ya machozi.

Hoja ya nne ni fupi. Wapo wahakiki wa Ulaya na Marekani walionung'unika kwamba riwaya za namna hii zinaufanya ugonjwa upendeze. Manung'uniko hayo yana msingi wake: tangu Alexandre Dumas mwana alipotoa riwaya ya yule mwanamke wa maua mwaka 1848 hadi Love Story cha Erich Segal mwaka 1970, wasichana wamekuwa wakifa hali nyuso zinang'aa. Green naye ana kurasa za namna hiyo, vijana wake wanasema maneno mazuri mno. Lakini ana pia ule usiku wa kituo cha mafuta. Augustus amejikongoja na gari kwenda kununua sigara ambazo hata havuti, ili tu awe amefanya jambo mwenyewe. Hazel anamkuta ndani ya gari amejitapikia, tundu la mrija wa tumboni limeoza, analia kwa aibu, anamkataza asiite gari la wagonjwa. Muuguzi yeyote hapa ameshamwona kijana huyo. Kwa kurasa hizo nakisamehe kitabu mengi.

Na mwandishi mwenyewe hakuishia kwenye machozi. Mwaka 2019 alitembelea hospitali ya kifua kikuu ya Lakka, Sierra Leone, akakutana na kijana Henry, mgonjwa wa kifua kikuu sugu. Mwaka 2023 aliungana na wanaharakati kuibana kampuni inayotengeneza kikasha cha kupimia kifua kikuu kwa mashine ya GeneXpert, na bei ikashuka kutoka karibu dola 10 hadi karibu dola 8. Mwaka 2025 akatoa kitabu kizima juu ya ugonjwa huo, Everything Is Tuberculosis. Mashine hizo zipo hata katika hospitali zetu.

Ndugu Mwenyekiti, nimalizie kwa yaliyo mbele yetu. Mkutubi amekubali kutupa chumba cha watoto kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi kwa ajili ya duara la kusoma. Masharti ni machache. Kila anayekuja alete kitabu anachokipenda na akibadilishane na mtu ambaye hakumchagua mwenyewe. Mwanafunzi apate cha muuguzi, mzazi apate cha mwanafunzi. Kikao cha kwanza tutasoma kurasa za yule mama anayesoma kwa siri, pamoja na mwanzo wa utenzi wa Mwana Kupona. Wauguzi wa wodi ya watoto wameomba kabati la vitabu lenye kufuli, kwa sababu lisilo na kufuli lilipata miguu. Fundi ameshapima mlango, zinahitajika fedha za mbao, na bahasha inapita sasa hivi.

Kwa ninyi wanafunzi mliokalia madirisha huko nyuma: nangoja riwaya ya Kiswahili ambayo kijana wake ana selimundu, anapenda, anapendwa, na nyumbani kwao kuna anayejua kumpikia. Asiwe malaika. Awe na hasira akinyimwa kwenda kucheza mpira, ajue kliniki yake ni siku gani, adanganye mara mojamoja kuhusu maji aliyokunywa. Mwenye sura tatu za mwanzo aniletee hata zikiwa kwenye daftari la hesabu. Nitazisoma kwa kalamu ya risasi, na wauguzi wawili hapa wameahidi kusahihisha mambo ya dawa. Sasa maswali, na naomba tuanze na aliyechukizwa na lile busu.